Sheria na biashara ya ngono Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sisi ni wasaidizi wa kisheria. Maswali haya tunayapata kutoka kwa dada wanaojiuza, mama zao, wenye gesti, wajumbe wa mashina na wanafunzi wa sheria, na huongezeka kila msako unapopita Sinza, Buguruni au Manzese. Tumeyajibu kwa lugha ya kawaida. Sheria tunayoizungumzia hapa ni ya Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya makosa ya jinai.

Kujiuza ni kosa la jinai hapa kwetu?

Ndiyo, lakini soma vizuri sheria inakamata wapi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 176, inamtaja kahaba anayefanya vurugu au mambo ya aibu hadharani, au anayezurura na kushawishi watu mahali pa umma kwa ajili ya ukahaba. Anawekwa kundi moja na ombaomba, wacheza kamari wa mitaani na mtu mwenye nguvu zake asiye na kazi wala kipato kinachoonekana. Adhabu ni kifungo kisichozidi miezi mitatu au faini, na faini iliyoandikwa humo tangu zamani haizidi shilingi 500. Leo shilingi 500 haimfikishi mtu Mbagala kwa daladala.

Kwa hiyo kosa linalomleta mwanamke mahakamani mara nyingi ni la uzururaji. Kinachohukumiwa ni kule kuwa barabarani, saa fulani, kwa mwonekano fulani. Vifungu vikali vya sheria hiyohiyo viliandikwa kwa ajili ya watu wengine kabisa: mwanamume anayeishi kwa fedha za ukahaba wa mwingine (kifungu cha 145), mwanamke anayemsimamia mwenzake ajiuze ili yeye apate fedha (cha 146), mwenye danguro, na anayemtorosha au kumshawishi mtu aingie kwenye biashara hiyo. Hao kwenye karandinga huwaoni.

Kifungu hicho kilitoka wapi?

Kilitoka Uingereza. Mwaka 1824 Bunge la huko lilitunga sheria ya uzururaji, na ndani yake akatajwa kahaba anayetangatanga barabarani. Wakoloni walisambaza maneno hayo katika makoloni yao, na sisi tuliyapokea kupitia Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930. Lengo lilikuwa kudhibiti mji: nani aruhusiwe kukaa mjini, nani arudishwe kijijini, nani aonekane barabarani usiku.

Uhuru ulikuja, kifungu kikabaki. Wazee wa Dar wanaikumbuka Nguvukazi ya mwaka 1983, watu walipokamatwa mitaani kwa kukosa kitambulisho cha kazi na kupelekwa mashambani. Wanawake waliokuwa peke yao mjini, wasio na mume wala mwajiri wa kuonyesha, walikuwa hatarini zaidi, wakiwemo wengi ambao hawajawahi kujiuza. Uingereza yenyewe iliondoa neno "kahaba" kwenye kosa lake la barabarani mwaka 2009. Sisi bado tunalisoma kwenye hati za mashitaka.

Halafu kuna jambo ambalo Watanzania wachache wanalijua ingawa limetokea nyumbani kwetu. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri baada ya kuombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ilisema sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zinazo wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Maoni ya ushauri hayafuti kifungu chetu, lakini wakili anaweza kuyataja mbele ya hakimu, na mbunge anaweza kuyapeleka bungeni.

Mtu anakamatwaje kwa kusimama tu?

Hapa ndipo penye uchungu wetu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Asubuhi baada ya msako, kaa kwenye benchi la nje ya mahakama ya mwanzo. Karandinga linaingia. Wanawake wanashuka na nguo za jana usiku, wengine wamejifunika uso kwa kanga walizoletewa na ndugu, wengine peku kwa sababu viatu vimebaki kaunta ya kituo. Wanaitwa kwa mafungu. Shitaka linasomwa, na linakaribia kufanana kwa wote: saa fulani ya usiku, eneo fulani, ulikutwa ukizurura kwa nia ya kujiuza, kinyume cha sheria. Kisha swali: ni kweli au si kweli?

Anayesema "si kweli" anajua kesi itaahirishwa, atahitaji wadhamini, na asipowapata atapelekwa mahabusu. Anayesema "ni kweli" analipa anachoambiwa na kuondoka. Mwenye mtoto mchanga aliyelala kwa jirani tangu jana atachagua nini? Tumewahi kumsikia muuza chipsi akieleza kwamba alikuwa anarudi nyumbani baada ya kufunga banda, kisha mwenzake akamnong'oneza, naye akakubali shitaka. Ushahidi ungekuwa upi kama angekataa? Sketi, saa, na mtaa.

Kama wanawake hao wangekana wote kwa pamoja, mashitaka mengi ya aina hii yangeanguka, kwa sababu upande wa mashitaka ungetakiwa kuthibitisha nia. Kuzurura peke yake hakutoshi, kuvaa nguo fupi hakutoshi, na kuwa na kondomu mkobani si kosa chini ya sheria yoyote ya nchi hii.

Mkuu wa wilaya au mkoa anaweza kuamuru watu wakamatwe?

Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, lakini kwa masharti: kuwe na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo anahatarisha amani au ametenda kosa, sababu hizo ziandikwe, na mtu afikishwe mahakamani au aachiwe muda ukiisha. Misako ya Wilaya ya Ubungo ya Juni 2024, iliyoongozwa na mkuu wa wilaya dhidi ya wanawake waliodaiwa kujiuza, ndiyo iliyofanya swali hili liulizwe nchi nzima. Msimamo wetu ni kwamba sheria hiyo haimpi kiongozi yeyote ruhusa ya kuwapanga wanawake mbele ya kamera. Sura ya mtu ikishazunguka WhatsApp, hakimu hata akimwachia huru, mtaa wake umeshamhukumu, na watoto wake shuleni pia.

Na mwanamume anayenunua?

Kwenye maandishi hayuko salama kama anavyodhani, maana kifungu cha 176 kinagusa pia yeyote anayeshawishi hadharani kwa nia ya uasherati. Kwenye msako, gari lake linawashwa, linaondoka.

Mimi nina gesti. Nikijua chumba kinatumika kwa biashara hiyo, nina kosa?

Kutunza nyumba au chumba kwa ajili ya ukahaba ni kosa, na kujua kisha ukanyamaza huku ukipokea fedha kunakuweka pabaya. Mteja wa kawaida aliyeingia na mwenzake huna wajibu wa kumhoji. Pata kitambulisho, andika daftari la wageni kama inavyotakiwa, na ukiona binti mdogo, piga simu (tazama swali la watoto hapo chini). Tunawasihi pia wenye nyumba: msimpandishie dada kodi mara tatu kwa sababu mmejua kazi yake. Huko ndiko kuishi kwa fedha za ukahaba kunakoanzia.

Serikali za nchi nyingine zinafanyaje?

Kuna njia nne kubwa, na watu wengi huzichanganya, hasa ya pili na ya nne.

Ya kwanza ni kuharamisha biashara yenyewe: muuzaji, mwenye nyumba, na katika baadhi ya nchi mnunuzi pia. Uganda iko hapa. Sheria yake inaweza kumfunga anayejiuza hadi miaka saba. Afrika Kusini nayo bado ina sheria ya mwaka 1957, na mwaka 2007 iliongeza kosa la kununua. Desemba 2022 serikali yake ilichapisha muswada wa kuondoa makosa hayo, kisha ukakwama.

Ya pili ni kuhalalisha kwa leseni. Dola inaruhusu, lakini kwa masharti yake: usajili, vibali, maeneo maalumu, vipimo. Senegal, nchi yenye Waislamu wengi, imekuwa na utaratibu huu tangu mwaka 1969: mwanamke wa miaka 21 na kuendelea anajiandikisha, anapewa kadi ya afya, na anapimwa mara kwa mara. Uholanzi iliondoa marufuku ya madanguro Oktoba 2000. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 2002 kisha ikaikaza mwaka 2017 kwa usajili wa lazima na sharti la kondomu. Marekani, katika jimbo la Nevada, baadhi ya kaunti za vijijini zina madanguro yenye leseni, ingawa Las Vegas yenyewe haiyaruhusu.

Ya tatu ni kumwadhibu mnunuzi na kumwacha muuzaji. Uswidi ilianza mwaka 1999, zikafuata Norway na Iceland mwaka 2009, Kanada mwaka 2014, Ufaransa mwaka 2016 na Ireland mwaka 2017. Hoja yao ni kwamba ununuzi wa mwili ni ukatili dhidi ya wanawake, hivyo sheria imbane mwenye fedha.

Ya nne ni kufuta makosa kabisa kwa watu wazima wanaokubaliana, na kuiacha kazi hiyo chini ya sheria za kawaida za ajira, afya na mipango miji. New Zealand ilifanya hivyo mwaka 2003, muswada ukipita kwa kura 60 dhidi ya 59. Ubelgiji ilifuata mwaka 2022, na tangu Desemba 2024 inaruhusu mikataba ya ajira yenye likizo ya uzazi, bima na haki ya kumkataa mteja. Kulazimisha mtu, kumtumia mtoto na usafirishaji haramu wa binadamu vinabaki kuwa makosa makubwa kote huko.

Ipi imefanya kazi?

Inategemea unapima nini, na hapa lazima tuseme ukweli hata kwa wenzetu tunaokubaliana nao.

Ukipima usalama wa mwanamke mwenyewe, New Zealand ina rekodi nzuri. Kamati iliyoundwa kupitia sheria hiyo ilitoa taarifa mwaka 2008 na haikuona ongezeko la wanaojiuza, jambo lililokuwa limehofiwa sana. Lakini sheria hiyo ina tundu: mgeni mwenye viza ya muda haruhusiwi kuifanya kazi hiyo, kwa hiyo mhamiaji bado anaogopa polisi kama dada wa hapa anavyowaogopa.

Leseni zina tatizo ambalo lingetuumiza sana Dar es Salaam. Zinagawa wanawake makundi mawili. Wenye kadi wanalindwa, na wasio na kadi wanazidi kusukumwa gizani. Senegal wengi hawajiandikishi, kwa kuogopa kwamba jina likishaingia kwenye daftari halitoki. Fikiria usajili huo ofisi ya kata, kwenye mtaa ambao kila mtu anamjua mama yako.

Njia ya Uswidi ina mvuto, nasi tunaelewa kwa nini mashirika mengi ya wanawake yanaipenda, maana inaweka lawama panapostahili. Hata hivyo, wanaojiuza Ufaransa waliipinga hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakieleza kwamba mnunuzi akiogopa, mazungumzo yanafupishwa na watu wanahamia sehemu zilizojificha. Julai 2024 mahakama hiyo iliamua kwamba Ufaransa haikuvunja mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu, huku ikiitaka serikali iendelee kuipima sheria yake. Kwa Dar swali letu ni dogo na gumu zaidi: mamlaka ya kumkamata mnunuzi yatashikwa na nani? Na yatageuka kuwa nini saa saba usiku, barabarani, kati ya askari na mwenye gari?

Sisi tunaamini hatua ya kwanza haihitaji kuchagua njia yoyote ya kigeni. Futeni kosa la uzururaji kwa wanaojiuza, acheni vifungu vya makuwadi na madanguro vifanye kazi yake, kisha nchi ijadiliane.

Majirani wetu wako wapi?

Kenya, sheria ya taifa inawabana zaidi wanaofaidika na biashara, huku sheria ndogo za kaunti zikimkamata muuzaji mwenyewe. Malawi ndiyo ya kujifunza kwayo. Januari 2017 Mahakama Kuu ilifuta kipande cha kifungu cha uzururaji ambacho polisi walikuwa wakikitumia kukamata watu ovyo. Kesi ile ilifunguliwa na muuza bidhaa wa mitaani aliyekamatwa alfajiri akienda kazini. Machinga, bodaboda, mama ntilie na dada poa wanakamatwa kwa kamba moja, na wakiisha kulijua hilo wanaweza kuikata pamoja.

Wanaweza kunipima UKIMWI kwa nguvu?

Hapana. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka ridhaa, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa humo, kama amri ya mahakama, na majibu ni siri yako. Malawi, mwaka 2015, Mahakama Kuu ilisema kuwapima kwa nguvu wanawake waliokamatwa kwenye msako na kutaja majibu yao mahakamani ni kuvunja haki zao.

Na kuna hesabu ya afya ya umma ambayo viongozi wetu wangeitazama. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makadirio kwamba kufuta makosa ya biashara ya ngono kungeweza kuzuia kati ya asilimia 33 na 46 ya maambukizi ya VVU, kati ya wanaojiuza na wateja wao, ndani ya miaka kumi. Sababu inaonekana kwa macho. Anayeogopa polisi habebi kondomu, hasemi ukweli kliniki, na hana muda wa kumkagua mteja kabla ya kuingia garini.

Dini zetu zinakataza. Kwa nini tuzungumzie kufuta kosa?

Zinakataza, na wengi wetu tunaoandika hapa ni waumini. Lakini dini hizohizo zinakataza uzinzi wa walio na ndoa na ulevi, na Kanuni ya Adhabu ya Bara haimfungi mtu kwa kuzini. Serikali inapochagua dhambi moja ya kuiadhibu, inachagua pia mtu wa kumwadhibu, na kila mara amekuwa mwanamke maskini. Sheikh au mchungaji anayetaka dada aache kazi hiyo anaweza kumsaidia mtaji, mahali pa kulala na ada ya mtoto. Rekodi ya jinai itamfungia hata ile kazi ya usafi hotelini ambayo ingemtoa barabarani.

Anayejiuza akibakwa au akiporwa, ana haki ya kushitaki?

Ana haki yote. Kubaka ni kubaka. Hakuna kifungu kinachosema kwamba aliyekubali jana, au aliyekubali mtu mwingine, amekubali na wewe. Nenda kituoni, omba PF3, yaani fomu ya polisi ya kupata matibabu, nenda hospitali kabla ya kuoga, na ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora.

Agosti 2024, katika kesi ya binti wa Dar es Salaam aliyefanyiwa ukatili na kundi la wanaume, kiongozi wa polisi alinukuliwa akisema binti huyo alionekana kama anajiuza. Umma ulikasirika, na kiongozi huyo akaondolewa kwenye nafasi yake. Washtakiwa wanne walihukumiwa kifungo cha maisha mwezi uliofuata. Tunaikumbusha kauli ile kwa sababu moja: hata kama ingekuwa kweli, isingebadilisha kosa hata nukta.

Nimemwona mtoto anauzwa. Nifanye nini?

Usisubiri uhakika. Aliye chini ya miaka 18 hajiuzi, anauzwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 zinamlinda, na "alikubali mwenyewe" si utetezi. Piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au mfikie ofisa ustawi wa jamii wa kata. Wengi wa mabinti hawa waliletwa mjini kwa ahadi ya kazi za ndani au baa, na aliyewaleta mara nyingi ni mtu wanayemwita shangazi.

Ndugu yangu amekamatwa usiku huu. Nianzie wapi?

Nenda kituoni ukiwa na kitambulisho chako, namba ya NIDA ukiwa nayo, na barua ya serikali ya mtaa ikiwezekana. Uliza amekamatwa kwa kosa gani na saa ngapi, uandike. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana ya polisi. Dhamana haina malipo. Ukiombwa fedha, omba risiti.

Mpelekee kanga au nguo ya kubadili, kandambili, maji, na dawa zake kama anatumia, hasa ARV, maana kukatisha dozi kunaumiza. Mwambie asitie saini maelezo ambayo hajasomewa na kuyaelewa. Mwambie pia anaweza kujibu "si kweli", na kwamba ukiwa tayari na wadhamini wawili nje ya mahakama, kwa kawaida jibu hilo halitamlaza mahabusu. Kama hakuna wa kuangalia watoto wake, lishughulikie hilo kabla ya kwenda kituoni, kwa sababu ndilo linalowafanya wengi wakiri.

Asubuhi, kabla ya saa mbili, uwe mahakamani. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hutoa msaada bila malipo. Njoo na namba ya kesi.